Fundi Sikio na Mota ya Kumi na Mbili

Ijumaa hii, tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu mkuu wa beringi atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ameitumikia karakana hii ya mota za umeme miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Hakuwahi kuhamishwa, hakuwahi kuomba uhamisho, na meza yake ya kazi haijasogea hata inchi moja tangu alipopewa. Ni ile iliyo chini ya dirisha la tatu, hatua sita kutoka dirisha la stoo.

Anayeandika haya ni mtunza stoo. Nimekaa nyuma ya dirisha hilo miaka ishirini na miwili, nikimpa beringi na kugombana naye kwa sababu ya beringi, kwa hiyo kamati ya sherehe iliponichagua ilijua kwamba sitamremba. Mkuu wa karakana amenipa masharti mawili tu: nisizidishe kurasa nne, na nisitaje ugomvi. La kurasa nitajitahidi.

Jina lake kamili litasomwa kwenye cheti. Hapa karakanani tunamwita Sikio, na wengine hawajui kama ana jina jingine. Jina hilo lilitokana na bisibisi. Ni bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa, na Sikio huitumia kusikiliza. Mota ikishafungwa na kuwashwa, yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye tundu la sikio lake la kulia, anafumba macho na kunyamaza. Akitikisa kichwa kushoto na kulia, mota inafunguliwa upya. Akikiinamisha mara moja, inakwenda kwa mwenyewe.

Kwa ndugu zake na wageni ambao mtasoma karatasi hii bila kujua tunafanya nini humu ndani, nitaeleza kidogo. Ndani ya kila mota kuna shafti inayozunguka, na shafti hiyo hushikiliwa huku na huku na beringi mbili. Beringi ni ringi mbili za chuma, ya ndani na ya nje, zenye gololi katikati. Ringi ya ndani huishika shafti, ya nje hukaa kwenye nyumba yake, lile tundu la duara lililochongwa kwenye kifuniko cha ubavuni. Vyote vinatakiwa kukaa sawasawa, bila kulegea, bila kubanwa kupita kiasi, na bila kuinama hata unene wa unywele. Vikiinama, mota itazunguka tu, tena kwa macho itazunguka vizuri, na siku chache baadaye itaungua mchana kweupe. Kazi ya Sikio ilikuwa kuhakikisha haviinami.

Alikuja kwetu akitokea kwenye mashine za kusaga nafaka, akiwa kijana mwenye mikono mikubwa na imani kubwa kwa nyundo. Siku yake ya kwanza alipewa shafti na beringi mpya. Aliigonga beringi ile kwenye ringi ya nje, bila kusita, mpaka ikaingia, kisha akasimama kando akingoja kusifiwa. Fundi aliyekuwapo wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, hakumfokea. Aliichomoa, akaipasua, akamwonyesha vidoa vidogo ambavyo gololi zimeacha ndani ya ringi kwa sababu ya yale mapigo. Kila gololi ilikuwa imeacha alama yake. Akamwambia kwamba beringi hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa. Sikio aliomba apewe, na mpaka leo ipo dirishani pake, inakandamiza karatasi zisipeperuke. Kila fundi mpya huonyeshwa beringi hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Tangu hapo nyundo ikawa adui yake. Beringi hupashwa moto ili ipanuke kidogo, iteleze yenyewe kwenye shafti, kisha ishikiliwe mpaka ipoe na kukamata. Siku hizo tulipashia kwenye karai la mafuta, na kila Jumatatu kulikuwa na mtu aliyeungua kidole. Sikio aliandika barua kumi na saba kuomba mashine ya kupashia. Nakala zote ninazo. Ya kwanza ilianza kwa heshima na taadhima, ya kumi na saba ilianza na neno “Tena”. Mashine ilikuja mwaka uliofuata, na vidole vya karakana nzima vinamshukuru.

Kuhusu usafi nitasema kwa kifupi, kwa sababu nikianza sitamaliza. Meza yake haiwekwi chai, haiwekwi simu, haiwekwi kitambaa kinachotoa nyuzi. Beringi haifunguliwi kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kuifunga. Mimi mwenyewe nilirudishiwa beringi nyingi ambazo pakiti zake zilikuwa zimechanika pembeni kidogo tu, na kila mara alizirudisha akiwa ameshika pakiti kwa vidole viwili, kama mtu anayemrudishia jirani panya wake. Siku moja mkurugenzi alileta wageni, akaweka kofia yake juu ya meza ile huku akiwaeleza kuhusu ubora. Sikio alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, “Samahani mkubwa, kofia yako ina mchanga.” Mkurugenzi akaitoa. Wageni wakaandika kwenye madaftari yao, na mwezi uliofuata tulipata kandarasi ya pampu za maji za mji mzima. Sisemi ni kwa sababu ya kofia. Sisemi pia kwamba si kwa sababu yake.

Amefunga mota zaidi ya elfu sita. Ameinua mafundi tisa, wa tisa akiwa Mama Pacha, aliyekuja miaka kumi na miwili iliyopita akiwa na watoto wawili mgongoni na kifuani na cheti cha ufundi mkobani. Ndiye atakayekaa kwenye meza ile kuanzia Jumatatu. Sikio alimfundisha kukaza bolti za kifuniko kwa mkato wa msalaba, kidogo hapa, kidogo ng'ambo ya pili, mkono mmoja kwenye spana na mwingine ukizungusha shafti, ili kifuniko kikianza kuinama kiganja kijue kabla ya jicho. Mama Pacha anasema mwaka wa kwanza alikuwa akizungusha shafti hata usingizini, na mumewe ndiye aliyeumia mkono.

Sasa nije kwenye ukurasa.

Kila mota inayotoka hapa huandikwa kwenye daftari kubwa ninalolitunza mimi. Mwaka wake wa pili kazini, Sikio aliomba ukurasa wa mwisho wa daftari hilo uwe wake. Alipiga mistari kwa rula, akaandika juu: Zilizorudi kwa mkono wangu. Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo. Mota ikirudi ndani ya mwaka mmoja na kosa likawa la ufungaji wake, alikuja dirishani, akaomba kalamu, akaandika tarehe, namba ya mota na sababu. Kila daftari lilipojaa, alinakili ukurasa ule kwenye jipya. Katika miaka thelathini na minne alikuwa na mistari kumi na moja, na kila mtu hapa, hata mlinzi wa getini, alijua kwamba Sikio anataka kuondoka na kumi na moja. Hakuficha. Mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa akipita dirishani kwangu asubuhi na kuniuliza, kama anayeuliza hali ya mgonjwa, “Bado kumi na moja?” Nami nilimjibu bado kumi na moja.

Hapo ndipo ninapolazimika kuvunja sharti la pili la mkuu wa karakana. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, mimi na Sikio hatukuwa tunaelewana. Nilimwita kutoka dirishani, hakugeuka. Nilimwambia mzigo umefika, aliendelea na kazi yake. Alipokuja mwenyewe alizungumza vizuri, akatania kama kawaida, lakini nikimwita mimi, kimya. Nilijiambia mzee amevimba kichwa kwa kuwa anakaribia kustaafu. Nikanuna. Kwa miezi minne nilimpa beringi bila salamu, naziweka kwenye kaunta na kugeukia rafu zangu. Watu waliona. Yeye aliona pia.

Mke wake naye alikuwa na lake. Jikoni kwao kuna feni iliyopiga kelele miaka sita, kelele ya kukwaruza ambayo wageni waliiulizia kabla ya kukaa. Kila mwaka mama alimkumbusha, na kila mwaka Sikio aliahidi, maana fundi wa beringi ndiye mtu wa mwisho duniani kutengeneza feni ya nyumbani kwake. Kisha jioni moja, kama miaka miwili iliyopita, aliingia jikoni, akakaa, akatazama juu, akauliza ni nani aliyeitengeneza. Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Feni ilikuwa inakwaruza vilevile. Alidhani ni utani.

Wiki tano zilizopita Sikio alifunga mota ya pampu ya maji ya hospitali. Alipima nyumba za beringi mahali patatu, akapasha, akafunga, akakaza kwa msalaba. Mota ikawashwa. Akaweka bisibisi, akafumba macho, akainamisha kichwa mara moja. Nikaandika, akatia sahihi. Mama Pacha alikuwa amesimama karibu, mkono wake ukiwa juu ya meza.

Siku ya tisa mota ile ilirudi ikinuka grisi iliyoungua. Hospitali ilikuwa na pampu ya akiba, kwa hiyo maji hayakukatika, lakini pampu ya akiba ni kuukuu, na kwa siku mbili tuliomba Mungu isikohoe. Siku hiyo Sikio alibakiwa na siku ishirini na sita kabla ya kustaafu.

Nitasema nilichofanya, kwa sababu yeye angesema. Pamoja na mota ilikuja karatasi ya mafundi wa hospitali, wakikiri kwamba waliiunganisha na pampu kwa haraka na huenda hawakuilinganisha vizuri. Mkuu wa karakana alinitazama, nami nikamtazama. Sababu ilikuwa imejileta yenyewe, imeandikwa na kutiwa sahihi. Nilikuwa nimemnunia mzee miezi minne, lakini sikutaka aondoke na kumi na mbili. Nikachukua kalamu niandike kosa la waliounganisha. Sikio alisogea, akaweka kiganja chake juu ya daftari.

“Usiandike, Mama Stoo. Tuifungue kwanza.”

Aliifungua mbele yetu sote, polepole, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ndani ya ringi ya nje, njia ya gololi ilikuwa imechorwa mshazari, juu upande huu, chini upande ule. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo alama ya beringi iliyokaa imeinama. Mafundi wa hospitali hawakuwa na kosa hapo. Akapitisha kidole kwenye ukingo ambapo kifuniko hukutana na bodi ya mota, kikasimama mahali fulani. Palikuwa na kipande cha rangi kuukuu, chembamba kama ukucha uliokatwa. Kilidondokea pale wakati kifuniko kinarudishwa, na kikakinyanyua kifuniko upande mmoja.

Kipande cha rangi kinaweza kumponyoka yeyote, na ndiyo maana tunasikiliza. Mota iliyoinama hivyo hunguruma tangu inapowashwa. Sikio aliisikiliza na kuipitisha. Mama Pacha akasema kwamba yeye aliusikia mngurumo ule. Aliusikia siku ileile, na kiganjani kwake kwenye meza aliuhisi, mdogo, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Lakini mzee aliinamisha kichwa, na yeye akajiambia kwamba basi masikio yake ndiyo mabovu. Alikuwa analia alipomaliza kusema.

Sikio alichukua bisibisi. Akaiweka kwenye mota nyingine iliyokuwa ikizunguka mezani, mpini kwenye sikio la kulia, akakaa hivyo muda mrefu. Akaihamishia kushoto, akakaa tena. Kisha akatuambia. Sikio la kulia limekufa miaka miwili sasa. Daktari alishamweleza kwamba halitarudi, na la kushoto husikia vya karibu tu. Mwanzoni alijaribu kusikiliza kwa kushoto pale watu walipotoka kula, akaona hawezi kuendelea kujificha, akarudi kulia na kutegemea mikono, vipimo na macho. Mikono ilimtosha miaka miwili. Akauliza, si kwa kulalamika, aliuliza tu: Sikio asiyesikia ni nani?

Mimi nilikuwa natazama meza yake, dirisha la tatu, na dirisha la stoo, ambalo lipo kulia kwake, hatua sita. Mwaka mzima nilikuwa nimemwita upande uliokufa.

Kwa Mama Pacha hakukasirika. Alimwambia kwamba wao wawili wameuficha ugonjwa wa mota, mmoja kwa kutosikia na mwingine kwa kusikia, na kwamba kosa lake yeye mzee lina dawa ndogo, la mwenzake lina dawa kubwa: siku akisikia, aseme, hata kama aliyeinamisha kichwa ni malaika. Kisha akamkabidhi bisibisi. Hakungoja siku ya sherehe. Mama Pacha akazisikiliza upya mota kumi na nne zilizokuwa zinangoja wenyewe, moja baada ya nyingine, na mzee amekaa kwenye kigoda pembeni akimtazama usoni. Zote zilikuwa nzima.

Alikuwa na siku kumi za likizo ambazo hakuwa amechukua. Alizitumia kuzunguka na Mama Pacha kwa wateja waliochukua mota zake katika miaka hiyo miwili, hasa zile za maji na za hospitali. Walifika mahali ishirini na patatu. Mama Pacha alisikiliza, mzee aliwaeleza wenye mota, bila kuzunguka, kwa nini wamekuja. Walipata moja tu yenye mngurumo, wakaifunga upya palepale. Aliporudi aliniuliza kama hiyo nayo iingie ukurasani. Nilikaa kama hakimu, nikaamua kwamba haikurudi, tuliifuata, kwa hiyo haihesabiki. Aliikubali hukumu haraka kidogo kuliko nilivyotarajia.

Lakini ya kumi na mbili aliiandika mwenyewe. Alikuja dirishani, akaomba kalamu, akaandika tarehe na namba. Kwenye sehemu ya sababu, ambako mistari mingine ina neno moja au mawili, uchafu, grisi nyingi, kipimo, yeye aliandika hivi: Fundi hasikii sikio la kulia. Alijua. Hakusema. Akatia sahihi, akapuliza wino ukauke, akanirudishia kalamu na kuniuliza kama nimemsamehe kwa kutoniitikia. Yaani yeye ndiye aliyeniomba radhi. Nilimwomba samahani siku ile kwa mdomo, na leo namwomba mara ya pili kwa maandishi, mbele ya watu wote, kwa sababu nilinuna mbele ya watu wote.

Fundi, kamati imenunua saa ya ukutani, utaipokea kwa makofi. Zawadi ya pili haikupitia kwenye kamati. Jumapili iliyopita, ulipokwenda kumtembelea kaka yako, Mama Pacha alikwenda kwenu, akaishusha ile feni, akafunga beringi mpya ambayo nilimpa ikiwa kwenye pakiti isiyochanika popote. Mkeo anasema nyumba sasa imekuwa kimya mpaka anasikia maji yakichemka. Wewe utalazimika kupanda kwenye kiti na kuweka bisibisi upande wa kushoto ili uamini, na bisibisi ulishaitoa, kwa hiyo utatuamini sisi.

Beringi iliyogongwa itabaki dirishani kama ulivyoagiza. Ukurasa wako nimeufunga kwa mstari mmoja chini ya kumi na mbili, na unaofuata Mama Pacha ameupiga mistari mwenyewe, kwa rula yako. Tunakushukuru kwa mota elfu sita ambazo hazikurudi, na kwa ile ya kumi na mbili iliyorudi. Uende salama, ulale asubuhi upendavyo, ukae na mkeo jikoni. Na siku ukipita hapa kutusalimu usiwe na wasiwasi, hatutakuita tena kwa mbali. Nitatoka stoo, nitaizunguka meza, nitasimama upande wako wa kushoto, ndipo niseme karibu.